Waridi na Mpishi Aliyekufa Mara Mbili

“Mpishi amekufa lini?”

Fundi alisimamisha kijiko katikati ya sahani na mdomo.

“Mpishi gani tena, mke wangu?”

“Wa melini. Ukurasa wako wa jana. Umeandika mpishi amefariki kwa homa.”

“Basi kama nimeandika amefariki, atakuwa amefariki. Mungu amrehemu.”

“Ukurasa unaofuata anawapikia mabaharia.”

Fundi akacheka kidogo. “Nitakuwa nimeruka mstari. Nitarekebisha nikirudi.”

“Kurekebisha utarekebisha, hilo halina shida.” Mhariri akaisukuma kompyuta mbele ya mumewe mpaka ikagusa sahani. “Soma hapa. Huyu Waridi naye kamuua mpishi huyohuyo. Ukurasa huohuo, homa hiyohiyo. Sasa niambie, mume wangu, wewe na Waridi mlikaa wapi mkakubaliana kuua mtu?”

Kijiko kikarudi kwenye sahani bila kufika kinywani.

Ngoja nikuweke sawa kabla hawajaanza kutoleana maneno, maana usipoielewa kazi yenyewe utadhani mwanamke huyu kachanganyikiwa. Ni kazi ya kujitolea. Zamani, kwenye meli za kivita, kila ofisa aliyeshika zamu aliandika kwenye kitabu upepo unavumaje, joto limefika wapi, nani mgonjwa, nani amepona, nani kachapwa. Leo watafiti wa hali ya hewa wanavitaka vitabu hivyo kuliko dhahabu, ila mwandiko wake umelala chali kiasi kwamba mashine zimeshindwa kuusoma. Kwa hiyo watu wa kawaida wanakaa majumbani mwao, wanatazama picha za kurasa na kuandika upya wanachokiona. Sheria yake kubwa ni moja. Kila ukurasa unasomwa na watu wawili, kila mtu kivyake, bila kuchunguliana. Halafu nakala zote mbili zinamfikia mkaguzi. Zikifanana, zinapita. Zikitofautiana, mkaguzi anaingia mwenyewe kwenye ukurasa kuona nani kapatia.

Mkaguzi wa meli hii ndiye Mhariri. Jina hilo alilipata gazetini, alikosahihisha makosa ya waandishi mpaka gazeti lilipofungwa. Baada ya hapo alikaa nyumbani akitazama dari. Meli ndiyo iliyomwinua kitandani. Mumewe, fundi wa friji, akajiandikisha kuwa msomaji ili awe karibu naye. Wenzao wakapungua mmoja mmoja, huyu kachoka, yule kapata kazi, mpaka meli ikawa na wasomaji wawili tu: Fundi, na mtu mmoja aliyejiunga mwishoni ambaye hakuna aliyewahi kumuona, anayejiita Waridi.

“Ni bahati mbaya tu,” Fundi alisema. “Watu hukosea.”

“Mimi nimekula mshahara wa makosa ya watu maisha yangu yote. Watu wawili waliokaa mbalimbali hukosea, nakubali. Hawarukii mstari mmoja.”

“Kwa hiyo unanishuku?”

“Bado nakuuliza.”

“Simjui huyo mwanamke.”

“Nani kasema ni mwanamke?”

“Si anaitwa Waridi?”

“Dobi, jirani yako pale karakana, kwenye kundi letu la wasomaji alijiita Simba. Ulimkimbia?”

Fundi akasimama, akachukua mfuko wake wa vifaa, akasema kuna mteja anamsubiri, maziwa yake yataharibika. Sahani aliiacha nusu. Huyu ni mwanaume ambaye hajawahi kuacha hata kombo la mkate, na Mhariri alilijua hilo vizuri. Aliitazama ile sahani muda mrefu, kisha akampigia simu dada yake.

“Haloo, dada.”

“Mbona sauti imekauka? Nani kafa?”

“Mpishi.”

“Nyinyi tangu lini mna mpishi?”

Mhariri akaeleza. Dada Mkubwa alisikiliza bila kumkatiza, jambo lisilo la kawaida yake. Ni mkunga, na kazi hiyo imemfanya asimwamini mwanaume yeyote aliye hai.

“Kwanza,” alisema hatimaye, “huyo Waridi anaandikaga nini kwenye lile kundi lenu?”

“Anamsifia.”

“Anamsifia nani?”

“Mume wangu. Kurasa zikishapita zinawekwa wazi kila mtu azione. Basi kila ukurasa wa Fundi ukiwekwa, Waridi yuko chini yake. ‘Fundi, mkono wako ni msafi.’ ‘Fundi, nikisoma kazi yako najua wewe ni mtu mtulivu.’ Juzi kaandika, ‘Wenye bahati wanakula nawe meza moja.’”

“Na wewe umesoma hayo ukanyamaza?”

“Nilidhani ni adabu tu.”

“Adabu,” Dada Mkubwa alisema, na neno lilitoka kama anatema mbegu. “Huwa anaingia mtandaoni saa ngapi?”

“Fundi akitoka, yeye anaingia. Hawajawahi kuonekana pamoja hata siku moja.”

“Mdogo wangu, wanapokezana kompyuta. Wako chumba kimoja.”

“Usiseme hivyo.”

“Mimi kazi yangu ni kupokea ushahidi wa mambo kama hayo, nausafisha na kuufunga kwenye shuka. Mwandikie huyo mwanamke leo hii. Mtu mwongo ukimpa nafasi ya kuongea, atajifunga mwenyewe.”

Mkaguzi ana ruhusa ya kumwandikia msomaji wake. Mhariri alikaa mbele ya kompyuta, akafuta maneno makali mara kadhaa, akatuma yaliyobaki.

“Habari Waridi. Mimi ni mkaguzi. Ukurasa wa mpishi umekosewa. Ulikuwa umekaa na nani ulipousoma?”

Jibu lilikuja haraka.

“Habari dada. Nilikuwa peke yangu. Samahani sana kwa kosa.”

“Una hakika ulikuwa peke yako?”

“Kabisa dada. Kazi yako tunaiheshimu sana, usijichoshe na sisi. Na mumeo asikutie wasiwasi, ni mtu mzuri.”

Mhariri alisoma mstari ule wa mwisho akahisi masikio yamepata moto. Vidole vyake vilitulia kabisa alipoandika.

“Nilikwambia lini kwamba nina mume?”

Kwenye kioo kukatokea kwamba Waridi anaandika. Akaacha. Akaandika tena, akaacha tena. Mhariri alisubiri bila kupepesa macho.

“Yeye mwenyewe aliniambia.”

“Kumbe mnaongea.”

“Kidogo tu dada. Akiongea anakutaja wewe tu.”

“Anasemaje?”

Mhariri akaivuta kompyuta karibu.

“Anasema zamani ulikuwa unacheka.”

Angemtukana ingekuwa nafuu. Tusi lina jibu lake, na Mhariri anayo mengi. Lakini hili la kucheka lilimkaa kifuani. Mwanamke mwingine alikuwa amekaa mahali fulani na mume wake, wakimjadili, wakimsikitikia, na huyo mwanamke akajua jambo ambalo mumewe hakuwahi kumwambia yeye. Alilia kwa hasira, akajifuta kwa kitambaa cha mezani, akaandika.

“Jumamosi Msimamizi wa mradi anakutana na wasomaji ukumbini, pale maktaba. Utakuja. Kiti chako nitakiweka mwenyewe. Usipokuja nafunga mizigo yangu nakuachia huyo mume, umchukue pamoja na mafriji yake.”

Jibu lilichelewa mpaka akadhani mwenzake kakimbia.

“Nitakuja.”

Mhariri hakungoja zaidi. Kama Waridi yuko mtandaoni, basi Fundi hayuko mtandaoni, na kwa hesabu ya dada yake wako chumba kimoja sasa hivi. Alivaa viatu visivyolingana rangi bila kujua, akatoka.

Karakana ya Fundi imebanwa kati ya duka la rangi na kibanda cha Dobi. Dobi alikuwa anapiga pasi suruali, akainua macho.

“Karibu shemeji. Leo umetukumbuka.”

“Mwenzako yupo?”

“Yupo ndani. Kafunga mlango.”

“Huwa anafunga?”

“Siku hizi kila alasiri anajifungia kidogo.” Dobi akajuta kusema, akaongeza, “Vumbi la barabarani, si unajua.”

“Huwa kuna mwanamke anaingia humo?”

“Shemeji, mimi macho yangu yako kwenye pasi.”

“Nimekuuliza wewe, sijaiuliza pasi.”

“Sijawahi kumuona mwanamke. Ila namsikia anasoma namba kwa sauti. Akimaliza anaanza tena mwanzo.”

Mhariri alikuwa ameshafika mlangoni. Aligonga kwa kiganja chote. Ndani kulisikika kitu kinaanguka, kisha kufuli, kisha Fundi akatokea na kijasho chembamba kwenye paji la uso.

“Mke wangu. Kuna nini?”

“Yuko wapi?”

“Nani?”

Alimpita. Karakana ilikuwa na friji nyingi zimesimama ukutani, nyingine hazina milango, nyingine matumbo nje. Juu ya friji moja iliyolazwa sakafuni kulikuwa na simu mbili. Moja ilikuwa ya Fundi. Ya pili ilikuwa bado inawaka, na kwenye kioo chake Mhariri aliyaona maneno yake mwenyewe: umchukue pamoja na mafriji yake.

“Simu ya nani hii?”

Fundi aliinama akaokota bisibisi iliyokuwa imeanguka.

“Ameiacha. Amenisikia nagonga akakimbia akaiacha. Katokea wapi? Dirishani?”

“Dirisha lina nondo, mke wangu.”

“Basi yuko humu.”

Akafungua friji ya kwanza. Vumbi. Ya pili ilikuwa na soksi za kazi na chupa ya maji. Ya tatu aliivuta mlango ukabaki mkononi, akauweka chini kwa ghadhabu, akaenda ya nne. Dobi alikuwa amesimama nje na pasi mkononi, ameduwaa. Fundi naye alisimama palepale, na badala ya kukasirika alikuwa anamtazama mkewe kwa huruma, jambo ambalo lilimchoma Mhariri zaidi.

“Usinitazame hivyo. Sema neno.”

“Nipe mpaka Jumamosi.”

“Kwa nini si leo?”

“Kwa sababu nikisema leo, wewe ndiye utakayelazimika kwenda kuwaambia wenzako. Nataka niseme mwenyewe mbele yao.”

“Kwa hiyo ni jambo la kutangaza kabisa. Mnafunga ndoa?”

“Mke wangu—”

“Usiniite hivyo. Jumamosi mizigo yangu itakuwa kwenye gari la dada.”

Siku zilizobaki waliishi nyumba moja kama wapangaji. Anapita huyu, anasimama yule. Usiku Mhariri aligeukia ukutani. Asubuhi alijichunguza kwenye kioo akijilinganisha na mtu asiyemjua sura, na mtu usiyemjua sura ni mrembo siku zote, maana unamchora mwenyewe. Alimpa Waridi sauti laini. Akampa vidole virefu, kicheko cha karibu, na subira ya kumsikiliza mwanaume akieleza habari za mabomba ya friji. Kila alipomaliza kumchora alimchukia upya.

Jumamosi ilifika. Ukumbi wa maktaba ulikuwa na viti vya plastiki, birika la chai mezani, na picha kubwa ya ukurasa wa kitabu cha zamu imebandikwa ukutani. Msimamizi wa mradi alikuwa amekaa mbele na karatasi zake. Mwalimu Mstaafu, aliyekuwa msomaji kabla macho hayajamsumbua, alikuja kusalimia. Dobi alifunga kibanda mapema akaja pia. Alidai ni kwa ajili ya chai. Dada Mkubwa alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, na nje, kwenye kiti cha nyuma, masanduku mawili ya mdogo wake yalionekana vizuri kupitia kioo.

Mhariri aliweka kiti kimoja katikati, akabandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: WARIDI.

“Wote tupo isipokuwa mwenyewe,” Msimamizi alisema. “Na Fundi hajafika?”

“Watakuja pamoja,” Mhariri alijibu. “Usiwe na wasiwasi.”

Fundi aliingia peke yake. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la kupigwa pasi, mikono yake imesuguliwa mpaka grisi imetoka kwenye kucha. Aliwasalimia wote, akamwamkia Mwalimu Mstaafu kwa heshima, kisha akatembea moja kwa moja mpaka katikati akakaa kwenye kile kiti.

“Shemeji,” Dada Mkubwa alisema kutoka mlangoni, “hicho kiti kina mwenyewe.”

“Najua, shemeji. Ndiyo maana nimekaa.”

Hakuna aliyeelewa. Fundi akaitoa ile simu ya pili mfukoni, akaiweka juu ya goti.

“Waridi ni mimi.”

Dobi ndiye aliyeanza kucheka, akaona hakuna anayemuunga mkono, akameza kicheko pamoja na chai. Mwalimu Mstaafu alivua miwani. Mhariri alibaki amesimama, mkono wake umeshika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

“Eleza,” Msimamizi alisema.

“Ulipokuja mara ya mwisho ulituambia meli ikibaki na msomaji mmoja itapewa kundi jingine. Nilikuwa nimebaki mimi tu. Siku ile mke wangu alirudi nyumbani akakaa jikoni na mkoba begani. Hakuuvua. Nilimwita kula, hakusikia. Nikaona dari inarudi. Nikanunua laini nyingine, nikajiandikisha kwa jina la Waridi. Mwanzoni nilifanya kwa uaminifu. Nasoma ukurasa, naenda kutengeneza friji, narudi nausoma upya kama sijawahi kuuona. Baadaye kazi za wateja zikanizidi. Nikaanza kunakili ya kwanza kwenye ya pili.”

“Kwa hiyo mpishi,” Mwalimu Mstaafu alianza.

“Nilimuua peke yangu, mwalimu. Nakala zote mbili.”

“Na zile meseji za juzi?” Mhariri aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Nilikuwa naongea na nani?”

“Na mimi. Nilikuwa nimekaa sakafuni.”

“Nilifungua mafriji.”

“Ulifungua.”

“Ukaniacha nifungue.”

“Nilikosa pa kuanzia.”

Wewe unayesikiliza, ungetegemea mwanamke apumue hapo, aangue kicheko, amkumbatie mumewe na chai iendelee. Hakuna Waridi, hakuna mwizi wa mume, nini tena? Lakini Mhariri alikuwa amesimama pale akiwa watu wawili kwa pamoja, yeye mke na yeye mkaguzi, na mkaguzi ndiye aliyepata sauti kwanza.

“Msimamizi,” alisema, “kurasa zote za Waridi zifutwe.”

“Unajua maana yake?”

“Najua.”

“Meli itaondoka hapa. Mmebakiza kurasa chache muimalize.”

“Nakala mbili maana yake ni watu wawili. Mimi nimepitisha macho ya mtu mmoja mara mbili nikayawekea alama kwamba ni sawa. Huko mbele kuna mtu atachukua upepo ule na joto lile aamini. Zifutwe. Na mimi uniondoe kwenye ukaguzi, maana nilipaswa kuliona hili mapema. Niliona makosa yanafanana, nikakimbilia kufikiria kitanda.”

Dada Mkubwa akakohoa.

“Za Fundi mwenyewe zibaki,” Mhariri aliendelea. “Zile alizisoma kweli. Mpishi tu ndiye arudishwe.”

Msimamizi aliandika kwenye karatasi yake bila kuinua kichwa. Alisema anasikitika. Alisema kundi litakalopokea meli litapewa nakala za Fundi kama nakala ya kwanza, na watazitafutia ya pili. Mwalimu Mstaafu alimpa Mhariri mkono, akaushika muda mrefu. Mhariri alichukua mkoba wake, akaitazama ile picha ya ukurasa ukutani, akatoka nje.

Fundi alimkuta amesimama kando ya gari, ameegemea mlango wa nyuma, upande wa masanduku yake.

“Nisamehe,” alisema.

“Nyamaza kwanza.”

Fundi akarudi nyuma hatua moja.

“Siku zote hizi nimekonda kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Nimempa sura, nimempa sauti, nimemchukia mpaka nikaota namvuta nywele. Huo wivu wote nitaurudisha wapi?”

“Sijui, mke wangu.”

“Na nina swali moja. Nalirudia kichwani tangu ulipokaa kwenye kile kiti.” Akamgeukia. “Kujiandikisha mara mbili, nimeelewa. Kusoma mara mbili, nimeelewa, ulitaka nisiipoteze meli. Kwa nini alikuwa anakusifia? Meli haikuhitaji hilo.”

Fundi alitazama viatu vyake.

“Jibu.”

“Hakuna mwingine aliyekuwa ananisifia.”

Gari moja lilipita barabarani, na Mhariri alisubiri kelele zake ziishe.

“Sema tena.”

“Nikirudi nyumbani unaniuliza ukurasa umefika wapi. Mwanzoni nilifurahi, maana ulikuwa umeanza kuongea tena, na mimi nilikuwa nimeumia sana ulivyokuwa kimya. Baadaye nikaona unaongea na meli. Mimi ni daraja tu la kupitia. Kurasa zangu zinarudi na wino mwekundu, hapa umekosea, hapa rudia. Sawa, ni kazi yako. Siku moja nikiwa Waridi nikaandika neno moja zuri chini ya ukurasa wangu, ili aonekane mtu wa kweli. Halafu nikalisoma.” Alijikuna shingo. “Nikajisikia vizuri. Najua nimeliandika mwenyewe kwa vidole vyangu, lakini nikajisikia vizuri. Kesho yake nikaandika jingine. Ni aibu, najua.”

“Na lile la kucheka? Kwamba zamani nilikuwa nacheka?”

“Lile halikuwa la Waridi. Liliniponyoka.”

Mhariri alifunika uso kwa viganja. Fundi alisogea hatua, akasita, hakujua kama anaruhusiwa kumgusa. Dada Mkubwa alitoka ukumbini kwa haraka, simu sikioni, akiwaambia watu wa upande wa pili wamwambie mama asisukume bado. Akakata simu akawatazama.

“Masanduku yanashuka au yanaenda? Mimi nimeitwa, kuna mtoto njiani. Nijue moja.”

“Dada, subiri kidogo.”

“Mtoto hasubiri.”

“Basi mtu mzima asubiri. Ingia kwenye gari.”

Dada Mkubwa aliingia akinung’unika, akawasha injini. Mhariri alijifuta uso kwa mgongo wa mkono.

“Bado nina wivu,” alisema.

“Wa nani tena? Nimeshakwambia hayupo.”

“Wa Waridi. Miezi yote ile alikuwa anajua unataka kusikia nini, na mimi nalala ubavuni kwako sijui. Alikuwa mke kuliko mimi. Hilo ndilo linaloniuma, si kingine. Hata ungemleta hapa mwenye miguu miwili nisingeumia hivi.”

“Hakuwa mke. Alikuwa mimi, nimechoka.”

“Alijua nini kingine?”

“Mambo madogomadogo.”

“Niambie.”

“Hapa? Sasa hivi?”

“Hapa.”

Fundi alifikiri. Alionekana kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

“Goti la kushoto linaniuma nikipiga magoti nyuma ya friji. Tangu mvua zilipoanza.”

“Hujawahi kuniambia.”

“Waridi alijua.”

Mhariri akafungua mlango wa nyuma wa gari. Akavuta sanduku la kwanza, akaliweka chini. Akavuta la pili. Fundi aliinama kulibeba, naye akampiga kofi dogo mkononi.

“Si una goti bovu wewe? Liache.”

Akayabeba yote mawili mwenyewe, moja kila mkono, akaanza kutembea kuelekea nyumbani. Dada Mkubwa alipiga honi, akatoa kichwa dirishani akauliza ndiyo imekuwaje sasa, mbona hawamwambii. Mhariri hakugeuka. Alikuwa amepunguza mwendo kidogo ili mumewe amfikie.

“Hilo ni moja,” alimwambia. “La pili.”